Gorfa ya Bibi Harusi

Juzi nilikuwa Isiolo kwa harusi ya binamu yangu, nikaingia sokoni kumtafutia gorfa. Nikazunguka, nikauliza, nikachekwa. Muuzaji akanionyesha rafu nzima ya mitungi ya plastiki kutoka China. "Dada, chukua hii. Hiyo yako ni ya watu wa zamani." Angejua!

Kwetu, rafiki yangu, gorfa ilikuwa kazi ya nyanya yangu. Ni chombo cha maziwa kinachosukwa kwa mizizi, kikakazwa hata tone lisitoke. Mizizi ilikuja na lori la kutoka Merti. Mimi na dada yangu tuliiloweka na kuichuna mpaka vidole vikatuwasha. Nyanya alikuwa mkali, wallahi. Ukilegeza msuko kidogo tu, anafumua wote. "Unataka mtoto wa watu anywe mchanga?" Kabla ya kutia maziwa alitumbukiza kijinga cha moto ndani, akafunika, akatikisa mpaka moshi ukaingia. Chai ya maziwa hayo, sijui nikuambieje! Hakuna msichana wa mtaani kwetu aliyeolewa bila gorfa ya nyanya, na gorfa hizo ndizo zilizotulisha.

Halafu plastiki ikaja, nyepesi na rahisi. Kituo cha maziwa ya ngamia kikaleta mashine ya kupoza, kikasema hakipokei tena maziwa yenye moshi. Akina mama wachuuzi, mmoja mmoja, wakahamia mitungi. Lori likaacha kutuletea mizizi. Gorfa zikabaki ukutani na vumbi lake, nasi tukazoea kunywa strungi, chai isiyo na maziwa.

Jirani akamtafutia nyanya kibarua palepale kituoni, kuosha mitungi. Siku ya kwanza alivaa shuka lake zuri, akaisugua yote ikang'aa. Wenzake walipokwenda kunywa chai, yeye aliona kazi haijaisha. Chombo cha maziwa kitaachwaje bila moshi? Akachukua kijinga mekoni, akakitia ndani ya mtungi, akafunika, akatikisa.

Plastiki ikayeyuka mikononi mwake.

Mimi nilikuwa nimempelekea chakula. Nilimkuta amesimama kwenye moshi mweusi, viganja vimebabuka, na msimamizi aliye rika la wajukuu wake anamfokea. "Umeharibu, nyanya! Enda nyumbani tu." Tukaondoka. Njiani ndipo akasema, "Kumbe hata moshi hawautaki."

Kazi nyingine hakupata. Viganja vilipona, lakini alishinda kibarazani akichezea nyuzi za shuka lake, anasuka, anafumua, anasuka tena, mpaka tukamzika. Nilikichukia kituo kile. Bado nakichukia, ingawa najua kinalisha watoto wa wengine.

Harusini nilipeleka mtungi wa buluu. Kabla ya kuutoa, mazoea yakanishinda, nikafungua kifuniko nikainama kunusa. Ulinuka duka. Bibi harusi alishukuru sana, akaniuliza kama ningeweza kumpatia na wa pili.