Nukta Kumi na Tisa

Dada yangu hutafuta wenyewe wa mwanga usioonekana, na analipwa kwa hilo. Kuna kundi la nyota zilizobanana nyuma ya vumbi zito la angani, na ndani yake darubini imenasa nukta ishirini na sita za eksirei, bila kujua kila moja inatoka nyota gani. Dada huilaza ramani ya nukta juu ya picha ya nyota iliyopigwa kwa mwanga unaopenya vumbi, kisha anaamua: hii ni ya nyota ile. Mama humwita Mpelelezi. Mimi ni fundi kompyuta wa idara hiyohiyo, na humwita majina mabaya zaidi.

Baada ya mwaka mzima, nukta zote zilikuwa zimepata wenyewe. Siku hiyo saa nane mchana Profesa alikuwa aisome orodha mbele ya kamati, na kamati ndiyo ingeamua kama mkataba wa dada, uliokuwa ukingoni, uongezwe.

Saa saba na nusu dada aliniita, uso umemshuka. Kwa pupa ya Profesa, jaribio moja lilikuwa limerukwa: kuisogeza ramani kidogo, makusudi, ili kila nukta ikae pasipo pake. Ramani mbovu hivyo haipaswi kuoana na nyota yoyote. Aliisogeza nikiona. Nukta kumi na tisa zikapata nyota vilevile.

Nyota zilivyosongamana pale, nukta ungeitupa popote na bado ingeangukia nyota.

"Dada, nyamaza tu," nilimwambia. "Hawatajua."

Nilimaanisha, na sijutii. Ni dada yangu. Alichapisha karatasi akatoka, nami nikamfuata mbiombio hadi mlango wa kamati, ambako Profesa alikuwa akinyoosha tai.

Profesa alisoma, akaitazama saa ya ukutani. "Kwa hiyo za kweli ni saba?"

"Saba hivi. Ila sijui ni zipi."

"Mwanangu, unajua unachokichezea?"

"Najua, Profesa."

"Basi ingia ukawaambie mwenyewe."

Mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye benchi la korido nikiwa na hofu na hasira, hasa kwa Profesa, mpaka dada alipotoka saa tisa na robo.

"Mkataba je?" nikauliza.

"Wameandika kwamba orodha inahitaji mwaka mwingine wa kazi."

Nikataka kumkumbatia. Akanizuia kwa mkono.

"Hawakuandika kazi ya nani."