Mtu wa Upande wa Shabaha

Ipo siku moja ya mnada pale Ulaya, kijiji cha huku kwetu Kilosa, si ng'ambo, ambayo siisahau, mwanangu, na hunijia kila nikiishika hii bunduki ya upepo unayoitamani. Umeniomba nikufundishe kulenga mbali. Nitakufundisha, lakini kaa usikie kwanza. Mimi shule niliishia darasa la nne, maneno ya kuzunguka sina. Duka hili la vifaa vya ujenzi hapa Mikumi nimelisimamisha mwenyewe, sikurithi hata msumari. Ninachokuambia nimekiona kwa macho yangu.

Bunduki hii ina kibali, na hailengi mnyama wala ndege. Hifadhi iko hapo jirani, usije ukaniletea kesi. Inalenga karatasi tu. Ni ya springi, ya kukunja mtutu. Ukifyatua, springi inairusha bunduki kabla kidonge cha risasi hakijatoka kwenye mtutu, na hapo ndipo wengi wanaharibu. Wanaikaba ili isiruke. Sasa ukiikaba mara hii kwa nguvu na mara nyingine kwa nguvu zaidi, kila kidonge kitakwenda njia yake. Ilaze juu ya kiganja kilicho wazi, mahali palepale kila mara. Shavu nalo likae palepale. Toa pumzi nusu, ibane, kisha vuta kifyatulio taratibu kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Iache iruke, ila iruke vilevile. Mtu akikosa katikati lakini matundu yake yote yamekaa pamoja, huyo ni mlengaji, darubini ya kulengea tutamrekebishia. Aliyepata katikati mara moja na mengine yametawanyika, huyo kabahatisha.

Hayo yote nilifundishwa na Bibi Tausi wa Zombo, mjane aliyeachiwa bunduki na mumewe. Alitufundisha wawili, mimi na Masanja, kijana wa Kisukuma ambaye baba yake alikuwa amehamia kwetu na ng'ombe. Wakati ule wakulima na wafugaji walikuwa hata salamu hawapeani vizuri. Ng'ombe wakiingia kwenye mahindi, mapanga yanatoka. Sisi wawili tulikuwa tunalenga nyuma ya shamba la mpunga la bibi, umbali wa nusu uwanja wa mpira, na darubini ya bunduki yake ilikuwa imeingia ukungu, tundu hulioni. Basi mmoja analenga, mwenzake anakaa kule upande wa shabaha, nyuma ya kichuguu, anataja kidonge kimeingia wapi: juu, chini, kushoto. Bila yeye hujui umefanya nini. Masanja alilenga vizuri kuliko mimi. Sipendi kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ile ya mnada vijana wa Kilosa mjini walikuja kushindana nasi, zawadi baiskeli. Bibi Tausi akamtoa Masanja alengee kijiji. Wazee wakaguna.

"Yaani mfugaji ndiye atulengee?" mmoja akauliza.

"Kama wewe unaweza, njoo ulenge," Bibi akamjibu. "Kama huwezi, sogea, unamzibia mwanga."

Masanja alikuwa amevaa shati langu, nilimwazima. Akaninong'oneza, "Rajabu, leo nikipata, labda mama atachota maji kisimani bila kutukanwa." Hilo ndilo alilolitaka. Baiskeli hata hakuitazama.

Mimi nikawekwa upande wa shabaha. Kila mmoja alikuwa na vidonge vitano. Vinne vya Masanja vikaingia katikati, vimebanana hata ungevifunika kwa kizibo cha soda. Watu wakaanza kusogea, na walewale walioguna nikawasikia wanasema "kijana wetu." Kidonge cha tano akachelewa. Hata nikiwa kulekule mbali niliuona mkono wake unajifunga kwenye bunduki. Akaikaba.

"Nje," nikapaza sauti. "Kushoto."

Ingetosha. Lakini watu walikuwa wengi, na mimi nilipenda kuchekesha. Nikaongeza, "Msukuma kaikaba kama mkia wa ng'ombe."

Mnada mzima ukacheka. Waliosema kijana wetu ndio waliocheka zaidi.

Jioni Masanja akanirudishia shati, amelikunja vizuri. "Umesema kweli, niliikaba," akaniambia, akaenda zake. Nikadhani yameisha. Kumbe watoto walishampa jina, wakawa wanamwita Mkia, na kule kisimani mama yake akawa Mama Mkia. Nyuma ya kichuguu hakuja tena.

Bibi Tausi akaniita. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Mkononi alikuwa na karatasi ile ya shabaha.

"Nilikuweka pale utaje tundu," akasema. "Nani alikutuma umtaje mtu?"

"Lakini Bibi, kweli aliikaba."

"Ungemwambia njiani mkiwa wawili, angekushukuru." Akaweka kidole juu ya matundu manne. "Na haya nani kayapiga? Umemhukumu kwa moja, haya umeyaacha. Nenda kamwone."

Nikasema nitakwenda. Nikasubiri watu wasahau, nikasubiri mavuno. Nilipokwenda nikakuta zizi tupu, samadi bado mbichi. Walikuwa wameswaga ng'ombe kuelekea kusini. Niliuliza miaka mingi kwa kila mfugaji aliyepita dukani. Hakuna aliyemjua.

Mwanangu, nikitaja kidonge kile leo, nitasema tena nje, kushoto. Hilo silifuti. Neno la pili ndilo linaloniamsha.

Leo nina vijana wa duka, wananiita bosi. Nikimweka mmoja upande wa shabaha, anasema "katikati, bosi" hata kabla hajatazama. Basi siwaweki. Napiga, naiegesha bunduki, natembea mpaka kwenye karatasi kutazama mwenyewe, narudi. Bibi Tausi alishazikwa. Kumbe nyuma ya kichuguu palikuwa na mtu mmoja tu wa kuniambia kweli, na mimi pia nilikuwa wa kwake.

Kwa hiyo shika haya. Ukilenga, fanya vilevile kila mara, watu wawepo wasiwepo. Ukikaa upande wa shabaha, taja tundu lilipo, kisha nyamaza. Kosa la mwenzako mwambie mkiwa wawili. Usimpime mtu kwa kidonge chake kibaya, tazama karatasi nzima. Na ukishamuumiza, nenda siku hiyohiyo, usingoje mavuno.

Mungu akutulizie mkono, mwanangu, akupe mwenzi asiyekudanganya, na akuzuie ulimi usije ukampoteza. Sasa chukua bunduki, kiganja wazi. Mimi natangulia kule kwenye karatasi. Ukipiga, nitakuambia.