Mwalimu Aliyeinyamazisha Ngoma

Enzi zetu, sisi tuliokulia mlimani, juu ya kituo cha mabasi cha Maji ya Chai, mtoto hakuhitaji spika wala taa za rangi ili acheze. Alihitaji vizibo vya soda. Tulikuwa tunaviokota barabarani pale mabasi yanaposimama, tunavibonda kwa jiwe, tunavitoboa kwa msumari na kuvifunga miguuni kwa waya. Ukipita nyuma ya nyumba yetu jioni ungedhani mbuzi wa kijiji kizima wamevishwa kengele. Mtoto wa siku hizi ukimpa kizibo cha soda anachungulia kwanza kama kuna zawadi ndani.

Nakumbuka baridi ya mwezi wa saba, ukungu umeufunika mlima usiuone hata miguu yake, nasi tumejipanga uwanjani na sweta zilizotoboka viwiko, tumboni mna loshoro, mahindi ya maziwa mgando, iliyobaki jana. Ijumaa, tukishamwagilia miche ya kahawa ya shule, ilikuwa zamu ya ngoma. Hapo hata aliyekuwa anaumwa tumbo tangu kipindi cha hesabu alipona.

Mwalimu wa ngoma alikuwa Mwalimu Elifuraha, Mchaga wa Machame, mrefu, mpole, suruali yake imenyooka kwa pasi mpaka ungeweza kukatia nyanya. Kazi yake haikuwa rahisi. Wazazi wetu walikuwa Walutheri wa kweli kweli. Kwao kuimba kwaya ni sawa, ila kutikisa mabega ni kumfungulia shetani geti. Mama yangu alisema wazi, "Kahawa haichumwi kwa kutikisa mabega." Mwalimu akapita nyumba kwa nyumba, akanywa chai ya kila jiko, akawaambia akina mama waje kututazama siku yoyote watakayo, bila taarifa. Ndiyo maana mazoezi yalikuwa nje, na mvua ikinyesha tulihamia kibarazani, kamwe si darasani penye mlango. Mama alikuja mara kadhaa, shuka begani, akijifanya anatafuta ng'ombe aliyepotea. Hatukuwa na ng'ombe.

Kila mmoja wetu alichorewa duara lake vumbini. "Hiyo ni nyumba yako," alituambia. Akitaka kukurekebisha mkono alisimama nje ya mstari akabisha hodi. Ukisema karibu aliingia, akakunyoosha kiwiko kwa ncha za vidole, akatoka. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mwalimu mzima, tena zama ambazo fimbo haikubisha hodi kwa mtu! Kaka yangu Eliamani siku moja alimjibu, "Wenyewe hawapo, wameenda shamba," na Mwalimu akapita kwenda duara la jirani kama mtu aliyekuta kufuli.

Ngoma yenyewe ilikuwa ya kwetu, si ya kwao Machame, kwa hiyo alikwenda kujifunza kwa Bibi Anasia, mama mzaa baba yangu, ambaye kabla hajawa mzee wa kanisa alisumbua uwanja wa ngoma. Bibi alimfundisha akiwa ameketi, kwa mabega tu, kigoda kinalia chini yake. Walipofika mwishoni akasita. "Kimebaki kipande kimoja," akamwambia. "Hicho ni cha waliokwisha kuzaa. Nakuonyesha ili ukijue, usije ukawafundisha watoto kwa kutojua." Mimi nilikuwa pale pale nakoboa mahindi, masikio nje.

Kumbe kipande hicho sote tulikijua. Tulikuwa tumekiona harusini: akina mama wanakaza kibwebwe, wanashuka taratibu mpaka chini, wanaume wanapiga miluzi. Na mimi nilikiweza. Nilikuwa nakifanyia mazoezi migombani, na wenzangu walisema kijiji kizima hakuna mwenye kiuno kama changu. Nilikuwa darasa la tano.

Mwaka huo tukaitwa kwenye mashindano mjini Arusha. Shule yetu ilikuwa haijawahi kushinda kitu zaidi ya usafi wa vyoo, kwa hiyo Mwalimu Mkuu hakulala. Siku moja akatukuta wasichana tunakichezea kile kipande nyuma ya stoo, na uso wake ukang'aa. "Elifuraha," akasema mbele yetu, "kikombe ndicho hicho." Mwalimu akajibu kwa adabu, "Mkuu, hicho bado si chao." Mkuu akamkumbusha kwamba uhamisho hauchukui muda kuandikwa. Sisi tukamwona Mwalimu wetu mshamba tu, mtu asiyejua kushinda.

Siku ilipofika uwanja ulifurika, mgeni rasmi kajifunika kofia, na tulicheza vizuri ajabu. Kaka yangu, ambaye kawaida alicheza kama ndama aliyenasa kwenye tope, siku hiyo hakumkanyaga mtu. Tulipokaribia mwisho nikamwona Mwalimu Mkuu kando ya uwanja ananinyooshea kidole, anakizungusha kukielekeza chini. Nikaelewa. Nikakaza kibwebwe, nikatoka mbele, nikaanza kushuka. Wanaume jukwaani wakapiga ile miluzi ya harusini, na moyo wangu ukajaa kama sufuria ya maziwa.

Ngoma ikakatika. Mwalimu Elifuraha, ambaye ndiye aliyekuwa anaipiga, alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya ngozi na kuviacha hapo. Nikabaki nimechuchumaa katikati ya uwanja, hakuna mlio. Akasimama, akamwinamia mgeni rasmi na kusema, "Ngoma ya watoto inaishia hapo. Asanteni." Watu wakacheka, wengine wakazomea. Tukashika mkia.

Nilimchukia, sitaki kudanganya. Nililia ndani ya lori mpaka Tengeru, na wenzangu walinisaidia kumchukia. Mazoezini alipobisha hodi nilitazama mlima kama sijasikia, naye alibaki nje ya mstari na kupita. Kabla muhula haujaisha barua ya uhamisho ikaja, akapelekwa mbali. Asubuhi anaondoka, Bibi Anasia alimpelekea mkungu wa ndizi mpaka barabarani, kaubeba mwenyewe kichwani, yeye ambaye hakumbebea mtu ndizi, hata mchungaji aliambiwa akajichukulie mwenyewe shambani. Nikamuuliza kwa hasira anamheshimu mtu huyo kwa lipi.

"Ile miluzi," Bibi akasema, "ulijua inasema nini?"

"Sijui, Bibi."

"Yeye alijua."

Nilikuja kuelewa ukubwani, na nilipoelewa nilitamani sana kumwandikia, lakini hakuna aliyejua alikoishia.

Juzi juzi nilikuwa mjini Arusha, mtaa wa Kijenge, kwa binti yangu, siku ya kuzaliwa ya mjukuu wangu Glory, aliyetimiza miaka minane. Keki nzuri, wageni tele, spika kubwa kama kabati la vyombo. Glory akasukumwa katikati ya sebule. Kiuno kikazunguka, mtoto akashuka mpaka chini, simu zote hewani, wajomba wanapiga miluzi, mama yake anacheka kwa fahari. Wimbo ulipokwisha akaja jikoni kunywa maji, nami nikamfuata.

"Nani kakufundisha, mjukuu wangu?"

"Simu, Bibi."

"Na unapenda?"

Akaitazama glasi. "Mwanzoni napenda. Wakianza kucheka sipendi. Huwa nangoja mama aseme basi."

Nilirudi sebuleni nikazima spika, nikawaambia wageni wakate keki. Binti yangu kaninunia mpaka leo. Nikienda kwake najimiminia chai mwenyewe. Lakini Glory hunifuata nyuma ya nyumba na kunitaka nimwonyeshe ngoma zile za watoto. Namwonyesha ninazozikumbuka, magoti yanalalamika, yeye ananicheka. Tukifika mahali nilipopasahau hunisubiri nikumbuke, nami natamani kukimbia kwa mtu nikamuulize, kisha nakumbuka kwamba waliojua tumeshawazika, na Mwalimu hajulikani alipo.