Sakafu ya Lavington, Chumba cha Kawangware

Mlango ulikataa. Niliuvuta kwa mikono miwili, mguu mmoja nimeukanyagia ukutani, na haukusogea hata upana wa kidole. Sakafu yangu ilikuwa imeinuka mbele yake kama mgongo wa ng'ombe anayeamka. Mbao zilikuwa zimevimba zikaubana mlango kwa chini, na maji ya rangi ya chai yalikuwa yakipanda bila kelele, yananitafuta magoti. Nyuma yangu, juu ya meza, alikuwa amesimama mama mmoja wa kutoka Kakamega aliyekuja kuniomba nimtafutie kazi ya nyumba, mtoto amelala mgongoni. Aliniuliza polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu:

"Mama, hii ofisi iko na mlango mwingine?"

Haikuwa nao.

Nirudi nyuma kwanza, kwa sababu kuna watu hapa Kawangware wanaosema maji yale nilijiitia mwenyewe.

Shule niliiacha darasa la tano nikaletwa Lavington, mtaa wa matajiri, kuwa yaya. Nyumba ilikuwa ya zamani, ya chini, na sakafu yake ilikuwa ya vipande vifupi vya mbao vilivyopangwa kimshazari, kimoja kikiegemea kingine, kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira. Kazi yangu ilikuwa kuing'arisha. Kwanza unapaka polishi ukiwa umepiga magoti, halafu unaweka kipande cha blanketi kuukuu chini ya miguu, unateleza. Watoto wa nyumba wakirudi shule walikaa juu ya blanketi nikawavuta, sebuleni mpaka mlango wa jikoni. Asubuhi, jua likiingia, sakafu ilikuwa inalegea machoni pangu, inakuwa maji ya asali, na mimi natembea juu yake sizami. Mpaka leo naota hivyo. Naamka nikinusa polishi na magoti yanauma, maana ni sakafu hiyo hiyo iliyoyamaliza.

Mama mwenye nyumba alikufa, watoto wake walio ng'ambo wakauza. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshahamia kazi nyingine, kisha magoti yakakataa kabisa, nikaanza kutafutia wanawake wengine kazi kwa simu. Mnawajua hao wanawake. Hukaa kwenye nyasi kando ya barabara tangu asubuhi wakingoja gari lisimame, kioo kishuke, mtu anyooshe kidole: wewe, unajua kuosha nguo? Nimekaa kwenye nyasi hizo. Mtu anakuchagua kama nyanya. Nilitaka kitu kimoja tu, wawe na chumba na kiti, na huyo wa gari ashuke aje aongee nao wakiwa wameketi.

Kwa hiyo niliamua nusu ya chumba changu iwe ofisi. Nilikata chumba kwa pazia, kitanda kikabaki nyuma. Pesa haikuwepo ya kusema ipo. Rangi nilipewa na fundi aliyekuwa akipaka ofisi moja Kilimani. Mabaki ya mikebe minne, tukayachanganya, ikatoka rangi ambayo hakuna aliyeweza kuitaja, kitu kati ya wingu na uji. Jirani yangu anayekaanga chapati alisema kuta zangu zina malaria.

Nikiwa katika hali hiyo nikapita kwenye ile nyumba ya zamani, nikaona lango wazi. Walikuwa wanabomoa kujenga maghorofa. Mlinzi alikuwa yule yule wa siku zangu, ameota mvi.

"Ingia tu, dada," akaniambia. "Wanachemshia chai na ile sakafu yako."

Ilikuwa kweli. Sufuria ilikuwa juu ya mawe, na chini ya sufuria zilikuwa mbao zangu, zinatoa moshi mweusi wa lami iliyokuwa imezishika chini. Nilisimama pale nikahisi kama magoti yangu ndiyo yanachomwa. Nikaomba zilizobaki. Walinicheka, wakanipa, nikazileta kwa mkokoteni, kwani kutoka pale hadi kwangu ni ng'ambo ya mtaro na ukuta tu. Walinipa pia dirisha la jikoni, na mlango wa chumba cha watoto, ambao niliulaza juu ya miguu ya cherehani mbovu ukawa meza.

Kila jioni nilikwangua lami kwa kisu cha mboga. Nilipanga vipande mwenyewe. Mpangilio ulikuwa mikononi, sikuhitaji kufikiri. Nilivibana mpaka ukutani, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyovikumbuka, vimebana. Dirisha nililiweka bila vyuma. Mwenye nyumba wangu alinigombeza, akasema hapa si mashambani, wezi wataingia. Nikamwambia waingie, watapata rangi ya uji.

Asubuhi ya kwanza jua liliingia kwa dirisha lile lile na kuangukia mbao zile zile. Nilifunga mlango, nikaweka blanketi chini ya miguu, nikateleza. Hatua chache tu nikagonga pazia, lakini niliteleza. Nilikuwa bado usingizini au niliamka, sijui hata sasa.

Na ilifanya kazi. Mwanamke mmoja wa Lavington alikuja na gari lake, akafika mlangoni, akatazama chini, akavua viatu bila kuambiwa. Akaketi. Msichana aliyekuwa akitafuta kazi aliketi mbele yake, akamuuliza, "Na nitalala wapi, madam?" Ilibidi ajibu.

Halafu ule udongo uliokuwa chini ya sakafu yangu kule Lavington ukanifuata. Pale kwenye kiwanja walichimba shimo la maghorofa, na udongo wake wakaumwaga ndani ya mtaro nyuma yetu, ili malori yapate njia. Msimamizi wa ujenzi, mwenye kofia ya njano, nilimwendea mwenyewe. Aliniambia ni kwa muda tu, wataweka bomba. Nikaenda kwa mwenye nyumba wangu, aliyekuwa amewakodishia njia hiyo. Akaniuliza kama nimeona wingu lolote. Nikaenda kwa ofisi ya wadi. Mzee mmoja pale akanituma nikalete picha, nikaleta, akaitazama akasema udongo hauonekani vizuri.

Mvua za masika zikaanza. Wiki nzima maji yalikuwa yakipita chini kwa chini, sakafu ikanywa, mlango ukaanza kukwaruza. Siku ile ya yule mama wa Kakamega maji yaliruka ukingo wa mtaro yote kwa pamoja.

Tulitokea dirishani. Mtoto nilimtoa kwanza, akiwa bado amelala, mikononi mwa jirani wa chapati. Kisha mama yake, kisha mimi, nikavutwa kwa kwapa kama gunia. Kama ningekuwa na pesa ya vyuma, msingesoma haya. Nililala hospitali na kifua, na kila nilipofumba macho nilikuwa nateleza juu ya asali.

Niliporudi, yule wa kofia ya njano alikuwa mlangoni kwangu na mwenye nyumba, wanapiga mbao mateke.

"Mama, ulipanga vibaya," akasema. "Mbao hufura. Lazima uachie nafasi ukutani. Na mvua ni ya Mungu."

"Mvua ni ya Mungu," nikamwambia. "Udongo ni wa lori lako."

Mwenye nyumba akacheka kidogo, akatazama simu yake.

Nafasi ukutani sikuacha, ni kweli. Ningeiacha, mlango ungefunguka, na maji yangekuja vile vile. Yule mama wa Kakamega hajarudi. Nimemwona kwenye nyasi karibu na mzunguko wa barabara, mtoto mgongoni, anangoja kioo kishuke.

Sasa nawauliza nyinyi watatu, wa kofia, wa nyumba na wa wadi, na nyinyi mnajua kwamba majina yenu ninayajua. Na huyo mwenye maghorofa ambaye sijawahi kumwona hata mgongo. Njooni mnijibu mchana, wale wanawake wakisikia. Nani alisema mtaro ujazwe? Sitaki kuambiwa habari za mvua. Nataka mtu aliyefungua kinywa akasema, mwageni hapa. Ni nani?