Tulipolala kwa Mzazi, Njia ya Kabambare

Ile kofia ilikuwa kazi yangu mimi. Mume wangu wala hakuipenda. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo kwenye shule ya misioni pale Kasongo, na padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya alimwachia kofia yake ngumu, nyeupe, ya kukinga jua. Ikaning'inia msumarini. Kiangazi kilipofika na shule kufungwa, tukapanga kwenda kwa miguu hadi Kabambare kumsalimu mama yangu, na mimi ndiye niliyesema: "Mwalimu, uvae kofia. Na viatu uvae. Nataka kwetu waone nimeolewa na mtu." Akacheka, akavaa. Nilikuwa na majivuno siku hizo, na mdomo nilikuwa nao, siwezi kukataa.

Yeye alibeba blanketi. Mimi nilibeba kikapu mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso, kama wanawake wa kwetu wanavyobeba. Ndani yake mlikuwa na chumvi ya mama, kitambaa cha mama, unga, chungu kidogo na mkeka. Njiani niliona watoto wanaacha mchezo tukitokea, na watu wazima wanaitikia salamu huku wanatazama chini. Haki ya Mungu, nilifurahi. Nilidhani ni heshima.

Jua lilituchwea njiani kabla ya kufika Lusangi, miguu imevimba, na mbele yetu kijiji. Tuliingia tukipiga hodi. Hakuna mtu. Moto ulikuwa unawaka uani, chungu kiko juu ya mafiga, mwiko umesimama ndani ya ugali, lakini mpishi hayupo. Nyumba ya pili hivyo hivyo. Nikaanza kufoka. "Watu gani hawa! Mgeni anakimbiwa?" Mume wangu akanionyesha mwishoni mwa kijiji ile nyumba ya wasafiri ambayo kila kijiji cha barabarani kililazimishwa kuifagia na kuiweka tayari kwa Wazungu na watu wa Leta, yaani watu wa serikali ya Wabelgiji. Akasema tulale barazani pale. Nikamwambia, "Aka! Mzungu akitukuta humo, tutamalizia likizo jela."

Ndipo tukasikia mtoto mchanga analia.

Mama yake alikuwa amekaa karibu na moto ndani ya nyumba yake, mtoto mapajani, mdogo kabisa, kitovu bado hakijaanguka. Nilielewa hapo hapo kwa nini hakukimbia na wenzake. Kwetu mzazi havuki mlango mpaka kitovu cha mtoto kianguke. Hakusimama. Aliitazama kofia ya mume wangu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Karibu, bwana. Karibu, madamu."

Madamu! Mimi, mwenye vumbi hadi magotini. Nikamwambia, "Dada, sisi si watu wa Leta. Huyu ni mwalimu. Mimi ni mtoto wa huku huku, kwetu Kabambare."

"Ndiyo, madamu."

Nikarudia yote kwa Kibangubangu, lugha ya nyumbani, nikidhani itamtuliza. Akamvuta mtoto kifuani. Baadaye mama yangu alinieleza kwamba watu wa pamba, wale wa Leta waliosimamia pamba ya lazima, walikuwa wamepita upande ule muda si mrefu, wakawafunga kamba wanaume ambao mashamba yao ya pamba yana majani, hayajapaliliwa, na kwamba walitanguliza mtu mmoja anayesema lugha ya watu vizuri, mpole, wa kuulizauliza. Sikujua. Mimi nilimkalia karibu, nikalainisha sauti, na kwa kutafuta tu neno la kuzungumza nikamuuliza, "Bwana yako iko wapi?"

"Alikufa," akasema haraka.

Juu ya kichwa changu shati la mwanaume lilikuwa linadondosha maji kwenye kamba. Nililitazama, na yeye aliona nimelitazama. Natamani hadi leo ningekuwa nimetazama kwingine.

Alitupikia. Tulimwambia tuna unga wetu, tutapika wenyewe, hakusikia. Akatandika kitanda cha mianzi, kitanda cha mumewe, akatuonyesha tulale. Tulikataa, tukakunjua mkeka wetu chini. Akaanza kulia bila sauti, machozi yanamwangukia mtoto. "Twende tulale," mume wangu akaninong'oneza, "tukiendelea kukataa atakufa kwa woga." Basi tukalala pale juu, yeye na mtoto chini karibu na moto. Baridi ya kiangazi kule si mchezo. Nyuma ya ukuta, nje kwenye migomba, kuna mtu aliyekohoa, akajizuia, akakohoa tena. Yule mama akaanza kuimba kwa nguvu, kumbembeleza mtoto ambaye alikuwa amelala. Mimi nikajifunika blanketi hadi kichwani. Roho iliniuma, jamani. Nimelalia kitanda cha mtu na mwenyewe yuko nje anaganda kwa ajili yangu, na nikitoka kumwita ndani, atakimbia mpaka mtoni.

Kulipopambazuka nilimgawia chumvi, nusu ya ile ya mama. Aliipokea kwa mikono miwili na hakuniangalia usoni. Nikaenda nyuma ya nyumba kunawa. Kwenye migomba majani makavu yalikuwa yamelaliwa, na pale sikukaa.

Niliporudi, kikapu changu kilikuwa mgongoni mwake.

Amejifunga mtoto kifuani, kamba ya kikapu iko kwenye paji la uso wake, na mguu mmoja umekwisha kuvuka mlango. Zamani zile mtu wa Leta akilala kijijini, asubuhi kijiji kilitoa mtu wa kumbebea mizigo mpaka kijiji kinachofuata. Asipopatikana mbebaji, mtu anafungwa. Kijiji kizima kilikuwa porini, kwa hiyo mbebaji alikuwa yeye.

"Weka chini!" nikapiga kelele. "Weka, nasema!"

Ningemwomba, ningepiga magoti. Lakini hasira yangu ndiyo hutangulia siku zote, na nilisikia mwenyewe ninavyofoka, sawasawa na wale wa pamba. Akaishika kamba kwa mikono miwili, hakuweka.

"Niache nibebe, madamu. Wasimufunge. Shamba lake liko na majani sababu mimi nilikuwa mugonjwa, mimba ilinilaza, yeye ndiye alinipikia. Kosa ni yangu mimi. Niache nibebe."

Mume wangu akageukia ukuta. Nikamvua kamba kichwani kwa nguvu, mtoto akaamka akalia, na kwenye paji la mama yake pakabaki alama ya kamba. Sikumsaidia, nilimnyang'anya. Nikajitwisha kikapu changu na tukaondoka pale nusu tunakimbia.

Akatufuata. Nikageuka: "Rudi, dada! Rudi umulaze mutoto!" Akasimama. Tulipoendelea, naye akaendelea, mikono mitupu, mtoto kifuani, umande umemlowesha magoti. Hivyo hivyo hadi kijito ambacho ni mpaka wa kijiji chao. Tukavuka. Yeye akasimama ng'ambo, wala hakutia mguu majini.

"Madamu!" akaita. "Wakiwauliza huko mbele, mutasema nilibeba?"

Nikafungua mdomo nimwambie kwa mara nyingine kwamba hakuna wa kutuuliza, kwamba mimi ni mke wa mwalimu, mtoto wa Kabambare, mwenzake. Mume wangu akanishika mkono. "Mujibu," akasema polepole. "Mujibu anavyotaka."

"Nitasema," nikamwambia. "Nitasema ulibeba mpaka hapa. Na bwana yako hakuna wa kumufunga."

Akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu tuingie nyumbani kwake.

"Aksanti, madamu," akasema, akageuka na mtoto wake.