Gogo na Filamu Iliyoishia kwa Chafya

Jameni, leo ndio nimejua ile filamu iliisha vipi.

Miaka ya tisini, Jumamosi mchana, kijijini kwetu Roret. Nimempeleka nyanya yangu, Gogo, kwa banda la video aone mambo ya kisasa.

Filamu ni ya mzimu wa mzee fulani anayesumbua watu wa boma lake. Anapindua sufuria, anavuta blanketi.

Ati inatisha! Mzimu wenyewe ni shuka, na viatu vinaonekana chini. Lakini huyo jamaa wa ndani ya shuka alijua kuchekesha. Tulicheka mpaka machozi.

Gogo peke yake hakucheka.

"Huyo mzee hana ubaya," akasema. "Ni vile hakuna mtoto amepewa jina lake."

Kwetu mtoto akizaliwa, wamama humtajia majina ya waliokufa. Akipiga chafya kwa jina fulani, basi huyo ndiye amerudi.

Sasa, katikati ya filamu, mtoto mchanga wa hilo boma akapiga chafya.

Gogo huyo, wima! "Amerudi! Imeisha! Twendeni nyumbani!"

Wamama wote waliokuwa humo bandani wakapiga vigelegele, wakatuburuta nje. Nilimnunia Gogo miaka.

Leo nimeiona yote kwa simu. Baada ya chafya ni kelele tupu, halafu wanamfukuza mzee na fimbo. Mwisho amesimama nje ya geti, ananyeshewa, anaangalia dirisha la mtoto.

Mimi, mtu mzima, nalilia shuka yenye viatu. Chekeni tu.

Nimerudisha nyuma mpaka kwa chafya, nikazima hapo.