Tulivyoanza Kutenganisha Taka Mtaani Kwetu

Siku yangu ya kwanza kazini, nyapara alinikabidhi reki na buti za mpira zilizonizidi miguu, akanionyesha rundo lililokuwa likifuka nyuma ya soko la Machakos.

"Mwaitu, usiogope harufu," aliniambia, akiniita mama kwa Kikamba. "Ogopa moshi."

Enzi hizo kila kitu kilitupwa pamoja, maganda, chupa na mifuko ya nailoni, kisha kikachomwa.

Baadaye nilihamishiwa mitaani, chini ya Bwana Afya, ofisa wa afya wa mji. Yeye ndiye aliyetufundisha kutenganisha: taka mbichi, yaani mabaki ya jikoni, ndoo yake; taka kavu, ndoo yake. Zile mbichi tulizipanga shimoni pamoja na samadi na majani makavu, tukazigeuza mara kwa mara mpaka zikawa mboji, mbolea nyeusi inayomeng'enyeka mkononi.

Shida ilikuwa watu. Nilibisha hodi kila ploti, wakanicheka.

"Kwani hata takataka siku hizi iko na kabila?" aliniuliza Mama Mutua, huku akimwaga zote pamoja mbele yangu.

Kisha ng'ombe wa Mzee Abdi, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa jirani yetu, akavimba tumbo na kufa. Walipompasua walikuta bonge la nailoni lililojisokota kama kamba. Mzee Abdi hakugombana na mtu. Aliliosha, akaliweka juu ya mkokoteni wangu wa taka, tukazunguka mtaa mzima.

"Mama, hii ni ya nani?" aliuliza kila mlangoni kwa upole.

Mama Mutua alilitazama lile bonge, akaingia ndani, akatoka na ndoo mbili.

"Haya, nionyesheni. Maganda naweka ndoo gani?"

Mtaa mzima ukamfuata. Wakulima wa Kola wakaanza kuja kuchukua mboji, na chupa zikapakiwa lori kwenda viwandani Athi River.

Sasa nimestaafu. Vijana wana glavu na magari, nami nawafurahia. Lakini asubuhi zile nazikumbuka sana. Nilizijua nyumba kwa ndoo zao: hapa wamepata mgeni, pale kuna mtoto ameanza kula. Ndoo ya maganda ikiwa tupu leo na kesho, nilirudi jioni na unga kidogo chini ya leso. Nyapara hakunifundisha hilo, wala Bwana Afya. Lakini kwangu lilikuwa sehemu ya kazi.